Adresi ya kooperative, nyumba ya nani?

Wandugu wakulima, mara hii sitaongea juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa majani ya kahawa. Nitaongea juu ya mustari mumoja wa fishi ya kuandikisha kooperative, ule wenye maneno "siège social". Ni mustari mufupi, watu wanaujaza kwa dakika moja.

Mwaka uliopita, kampanye ya kahawa ikiwa inaelekea kuisha, nilifika ku kooperative moja kando ya ziwa Kivu kwa kuangalia meza za kuanikia. Prezida hakuwepo. Bibi yake alinipokea inje, na ku ukuta niliona misumari minne bila kibao. Akanielezea. Siku tatu kisha mununuzi kulipa, wanaume watano walikuja usiku. Hawakuulizia bwana yake kwa jina. Waliulizia biro ya kooperative, wakataja alama za nyumba sawa vile ziliandikwa ku fakitire: mabati mekundu, ngambo ya kanisa. Walitaka feza ya kahawa. Feza haikuwa pale, ilikuwa mu konti ya kooperative mujini, lakini nani angewaaminisha saa nane ya usiku? Walibeba mbuzi wawili, simu na redio. Hakuna mutu aliyekufa. Watoto sasa wanalala kwa nyanya yao.

Nilishindwa kumuangalia mama yule mu macho, juu siku ya kuandikisha nilikuwapo. Tulikaa ku benchi kule mujini, tumechoka na safari, na yule aliyekuwa anatujazia fishi akauliza: "Adresi?" Wote tukamugeukia prezida. Yeye kwa roho nzuri akatoa nyumba yake. Mimi nilijua kuhesabu miche ya kahawa kwa hekta, ndiyo kitu walinifundisha ku ansititi. Juu ya adresi sikufungua kinywa.

Sasa nimefungua. Sheria ya makooperative tunayofuata ni ile ya OHADA, iliyopitishwa Lomé, mu inchi ya Togo, tarehe 15/12/2010. Kwetu Kongo sheria za OHADA zinatumika tangu 12/9/2012. Sheria hiyo inaomba kama karatasi zote ambazo kooperative inatumia watu wa inje, iwe barua, iwe fakitire, iwe tangazo, zibebe jina la kooperative, numero yake ya rejista na adresi ya siège. Maana yake adresi haibaki mu dosye. Inapanda gari pamoja na magunia, inasomwa na shofere, na mubeba mizigo, na karani wa mununuzi, na yule kijana anayekaa ku depo ya mujini bila kazi. Na rejista yenyewe si kitu cha siri, imewekwa ili watu waweze kujua wanafanya biashara na nani.

Wengine wananijibu: "Agronome, mu kijiji chetu kila mutu anajua nyumba ya prezida." Ndiyo, jirani anajua. Lakini jirani anajua pia kama prezida hana kitu, anaona vile anavyokula. Ni ule asiyemujua, anayesoma karatasi mbali, ndiye anawaza kama nyumba iliyoandikwa kooperative iko na sanduku ya franga chini ya kitanda.

Tena si wezi tu. Barua ya kodi, mwito wa tribinali, yote yanatumwa ku siège. Ile kooperative ilichagua prezida mwingine kisha ule usiku, naye anakaa kilima kingine. Barua moja ya kodi ilibaki miezi miwili juu ya kabati ya prezida wa zamani, na kooperative ikalipa faini. Hapo ilikuwa ni kuchelewa tu. Fikiria prezida akifa na kooperative iko na deni: mwenye kudai atakuja na wisye ku nyumba ya mujane, na mama huyo, akiwa bado mu matanga, ndiye ataanza kuelezea kama viti na mashini ya kushona ni vya nyumba, si vya kooperative.

Basi tujifiche? Hapana, haiwezekani, na si vizuri. Sheria inakataza siège kuwa sanduku ya posta peke yake. Inataka adresi, ao maelezo ya fasi yanayoonyesha sawasawa kooperative iko wapi. Haya maelezo yanatusaidia sisi wa vijijini, juu hatuna avenii wala numero za nyumba. Mutaandika lokalite, grupema, teritware, kisha alama: "chumba cha pili cha jengo la soko, mita 100 kutoka santre ya afya." Inatosha kama mugeni anaweza kufika bila kupotea. Fishi inaomba pia domisili ya viongozi. Hapo sema ukweli, usitunge nyumba ya uongo. Tofauti ni kama ile domisili haitaandikwa ku kila fakitire.

Fasi gani basi? Mu makooperative ninayotembelea, depo ndiyo inakuja ya kwanza mu mawazo. Ni nzuri kama iko na mulinzi na kama ni ya kooperative kweli. Lakini kama depo imejaa kahawa na haina mulinzi, mutakuwa mumechapisha fasi magunia yanalala. Mimi napenda zaidi chumba kidogo mbali na mali: meza, kabati moja, mutu anayefungua siku za soko na kupokea barua mu daftari. Union ya makooperative mara nyingi iko na chumba cha namna hiyo, na makooperative matatu ao mane yanaweza kukilipia pamoja. Kama ni parokia ao shule inawapokea, ombeni karatasi yenye sahihi. Padri anahamishwa, dirèktere anahamishwa, na mupya anaweza kusema hawajui. Kama ni nyumba ya kupanga, kontra iandikwe kwa jina la kooperative, si kwa jina la prezida, hata kama yeye ndiye anajuana na mwenye nyumba. Avoka wa mujini pia anaweza kupokea barua zenu, lakini atalipwa kila mwaka, na kilometa 60 kwa kufuata barua moja ni safari ya siku nzima.

Fasi moja nawaomba musiandike: biro ya shirika letu. Wametuomba mara nyingi, wanaona tuko na mulango wa chuma na mulinzi. Lakini mradi uko na mwisho wake. Siku tutafunga, kibao chetu kitaondoka na adresi yenu itabaki kwa mupangaji mwingine asiyewajua.

Na simu? Hapa naona makosa kila juma. Ku mifuko ya kahawa, ku kibao, ku fakitire, munaandika numero ya prezida ao ya mutunza feza. Hiyo numero ndiyo iko na M-Pesa ao Airtel Money yake. Mutu akijaribu kuitumia franga mia, jina lake linatokea. Tena anapiga saa yote, na prezida akiacha kazi anaondoka na wanunuzi wenu mu simu yake. Nunueni kadi ya simu ya kooperative. Simu ndogo ya batoni inatosha, ibaki mu biro, na feza kubwa isiwekwe mule.

Neno kwa wamama wanaouza peke yao, wenye kusaga unga ao kutengeneza sabuni mu kikoni chao. Kwenu ni nguvu zaidi, juu nyumba ndiyo fasi ya kazi. Lakini fishi ya mufanya biashara inatofautisha domisili na fasi ya kazi. Kama uko na meza ku soko inayojulikana, weka hiyo kuwa fasi ya kazi, na ku etiketi ya sabuni andika soko na numero ya meza. Najua mujane mumoja aliyefanya hivyo. Wateja wanamukuta siku ya soko, na jioni mulango wake ni wake.

Kwa makooperative ambayo bado hayajajiandikisha, kazi ni nyepesi: adresi iwekwe ku ajenda ya mukutano, ijadiliwe mbele ya safari ya mujini, si ku benchi. Na bibi ao bwana ya prezida aulizwe kama watu wanataka nyumba yake. Mu mikutano yote niliyohuzuria sijaona wakimuuliza. Kwa wale walioisha kuandika nyumba ya mutu, kubadili kunawezekana lakini kuna njia yake: mukutano, PV, kurekebisha statuti, kurudi ku rejista, kisha kujulisha wa kodi, benki na wanunuzi. Inakula feza na siku. Kooperative yetu ya kando ya ziwa ilimaliza karibu miezi mitatu, na safari mbili nilikwenda nao kwa pikipiki yangu, hiyo ilikuwa deni langu.

Sasa siège yao ni chumba ku jengo la union. Vitabu vya fakitire vilivyoisha kutumika tulivifunga mu kabati, juu sheria inaomba vilindwe miaka 10. Vilibaki viwili vyeupe vyenye adresi ya zamani. Tulivipeleka kwa ile nyumba ya mabati mekundu, tukavichoma nyuma ya kikoni. Mama ndiye aliwasha kiberiti.