Mlango kati ya mwenyeji na mgeni



Wengi wameniuliza sababu gani gazeti letu la mara iliyopita lilichelewa wiki mbili. Wengine walisema ni wino iliisha. Hapana. Kosa ni langu, na leo ninataka kulieleza, ili mwingine asilipe kama mimi.

Munajua kwamba ndani ya kompyuta ya masomo, yenye Windows, mwalimu wetu aliweka VirtualBox. Programu hii inatengeneza kompyuta ingine ndani ya kompyuta, ndiyo tunaita mashini virtuele. Iko na Linux yake na diski yake. Lakini diski ile si chuma: ni fishie moja kubwa tu, inalala katika diski ya Windows. Kompyuta ya kweli tuiite mwenyeji, ile ya ndani tuiite mgeni. Mgeni anakaa katika chumba chake, mlango umefungwa. Haoni fishie za mwenyeji.

Basi, mtu akitaka kutumia fishie moja pande zote mbili, afanye namna gani? Sherti afungue mlango. Njia ni hii:

1. Ndani ya mgeni, weka kwanza Guest Additions, programu ya nyongeza ya VirtualBox. Bila hiyo wawili hawa hawasikilizani.

2. Katika mipango ya mashini ile, chagua dosie moja ya mwenyeji, uipe jina, kwa mfano gazeti, na uonyeshe kwamba ifunguke yenyewe.

3. Katika Linux, jiingize katika kikundi vboxsf kwa amri hii: sudo usermod -aG vboxsf, halafu jina lako. Washa mgeni upya. Utakuta dosie yako katika /media/sf_gazeti.

Sasa kosa langu. Nilifikiri vitu ninavyoona katika sf_gazeti ni kopi tu. Siku moja nilitaka kusafisha Linux, nikafuta vyote kwa amri rm. Sikuogopa, kwani mbele ya kufuta nilikuwa nimehifadhi hali ya mgeni, ile VirtualBox inaita picha. Nikarudisha picha, na Linux ikarudi kama ilivyokuwa. Lakini dosie ilikuwa tupu. Nikakimbilia Windows: tupu. Nikatazama pipa la takataka: tupu vile vile. Makala 11 ya wenzetu yalipotea.

Sababu yake ni hii: dosie ya pamoja si kopi. Ni dosie moja inayotazamwa kwa madirisha mawili. Ukifuta upande huu, umefuta na upande ule. Tena, picha inahifadhi hali ya mgeni peke yake. Dosie inalala kwa mwenyeji, kwa hiyo picha haiigusi hata kidogo. Ni vivyo hivyo kwa virusi: vikiingia kwa mgeni, vinaweza kuharibu fishie zote za dosie ile.

Kwa hiyo ninyi mutakaobaki na kazi hii, shikeni mambo matatu. Musifungulie mgeni diski nzima, bali dosie moja ndogo. Kama mgeni anahitaji kusoma tu, chagueni kusoma tu, naye hataweza kufuta. Na kila jioni wekeni kopi ya kweli mahali pengine, kama katika kifaa cha USB. Lakini angalieni: mukikipa mgeni kifaa kile, mwenyeji hakioni tena mpaka mgeni akiachilie.

Ninawashukuru walioandika upya kwa mkono, usiku mbili. Mdogo mmoja wa darasa la kwanza hakukumbuka tena mwisho wa shairi lake, tukalichapa bila mwisho. Kwake ninaomba radhi mbele ya masomo yote.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho