Gunia limepungua: namna ya kukisia na kujuta kwa Kiingereza bila kugombana

Fikiria dada mmoja wa Isongole, wilayani Ileje, anayeuza maharage kwa mwenzake wa Chitipa, ng'ambo ya Mto Songwe. Wamekubaliana magunia sita. Jioni mwenzake anatuma ujumbe: yamefika matano. Dada anawaza kwamba huenda gunia moja limesahauliwa mpakani, mzigo ulipokuwa unashushwa na kupakiwa upya. Kwa kuwa wawili hawa huandikiana kwa Kiingereza, anaandika: "You must have left one bag." Anatuma. Tangu hapo simu yake haipokelewi.

Amekosea nini? Sarufi yake iko sawa, na mwalimu angempa alama ya vema. Ila alichoandika kwa Kiswahili ni hiki: "Bila shaka wewe umeacha gunia moja." Yeye alitaka kukisia tu, lakini mwenzake amesoma hukumu.

Sisi wa mkoa wa Songwe Kiingereza kiko mlangoni petu. Ukivuka Tunduma uko Nakonde, Zambia. Ukivuka Isongole uko wilaya ya Chitipa, Malawi. Nchi zote mbili zina Kiingereza kama lugha rasmi. Watoto wetu nao wakiingia kidato cha kwanza wanafundishwa masomo karibu yote kwa lugha hiyo. Kwa hiyo leo tueleze jambo moja linalowasumbua wengi: namna ya kuzungumzia yaliyokwisha kupita, ama kwa kukisia, ama kwa kujuta.

Tuanze na Kiswahili chetu

Tuseme uko kituoni unasubiri basi kutoka Tunduma. Saa zimepita na basi halionekani. Sikiliza wenzako wanavyosema.

Mmoja anasema: "Litakuwa limeharibika njiani." Huyu hakuliona, lakini ana hakika. Kiingereza chake: "It must have broken down on the way."

Wa pili anasema: "Huenda limeharibika." Huyu hana hakika, anataja jambo moja linalowezekana. Kiingereza chake: "It might have broken down." Angeweza pia kutumia "may have" au "could have", na maana ingebaki karibu ileile.

Wa tatu anasema: "Haiwezekani liwe limepita, mimi niko hapa tangu alfajiri." Huyu anakataa. Kiingereza chake: "It can't have passed."

Unaona kwamba ngazi hizi tatu tunazo sisi wenyewe kila siku: hakika, huenda, haiwezekani. Kiingereza kinaziweka kwenye neno moja dogo linalotangulia "have". Ukibadilisha neno hilo, umebadilisha kiasi cha uhakika wako.

Angalia jambo moja. Kiswahili kinasema "litakuwa limeharibika", na ile "-ta-" ni ya wakati ujao, ingawa tunazungumzia yaliyopita. Usiihamishe neno kwa neno. Ukisikia "atakuwa ame-" kinywani mwako, na unamaanisha una hakika ingawa hukuona, fikiria "must have".

Kanuni ya kuunda sentensi

Kanuni ni fupi: neno dogo, kisha "have", kisha kitenzi katika umbo lake la tatu. Lile tulilokariri shuleni: "go, went, gone" au "take, took, taken". Hapa tunachukua la mwisho: "gone", "taken".

"Have" hapa haibadiliki kamwe. Hata kama unamsema mtu mmoja, ni "he must have gone". Wengi huandika "he must has gone" kwa sababu walifundishwa kwamba "he" huenda na "has". Ni kweli mara nyingi, lakini si baada ya maneno haya.

Jambo jingine ni la masikio. Mtu akizungumza haraka, "should have" husikika kama "shudav", na "must have" kama "mastav". Ndiyo maana wako hata Waingereza wanaoandika "should of". Ni kosa. Ukiandika, andika "should have".

Majuto na lawama

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kiingereza kina maneno matatu ya kumpokea mjukuu huyo.

La kwanza ni "should have". Hili ni la wajibu ambao haukutimizwa. "I should have counted the bags" ni kusema: nilipaswa kuhesabu magunia, na sikuhesabu. Ukilielekeza kwako mwenyewe, ni majuto. Ukilielekeza kwa mwingine, "you should have counted the bags", linakuwa lawama. Basi lipime kabla ya kulituma.

La pili ni "could have". Hili linasema nafasi ilikuwepo na haikutumika. "I could have called the driver" maana yake ningeweza kumpigia dereva, lakini sikumpigia. Waingereza hulitumia pia kwa ile lawama yetu ya "Si ungenipigia!" Wao watasema, "You could have called me!"

La tatu ni "would have". Hili linafanya kazi ya "-nge-" na "-ngali-". "Ningalijua, ningalikuja mwenyewe" ni "If I had known, I would have come myself." Kumbuka kwamba upande wenye "if" tunatumia "had", na "would have" inakaa upande wa pili. Kwa Kiswahili tunarudia "-ngali-" pande zote mbili, ndiyo maana wanafunzi wengi huandika "would have" mara mbili.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni neno "ilibidi". Kwa kuwa "lazima" ni "must", wengi wakitaka kusema "Ilibidi niondoke mapema" huandika "I must have left early." Msomaji ataelewa hivi: "Nitakuwa niliondoka mapema, ingawa mwenyewe sikumbuki vizuri." Kama ofisa anakuuliza kwa nini hukusubiri karatasi zako, jibu hilo litamtia shaka. Sema: "I had to leave early." Lazima ya jana ni "had to". "Must have" ni ya kukisia peke yake.

Mtego wa pili ni habari za ajali. Hapa neno moja linaweza kuliza ukoo mzima. "He may have died" maana yake huenda amefariki, bado hatujui. "He could have died" mara nyingi maana yake angeweza kufa, lakini yu hai. Ukitaka kumwambia ndugu aliye ng'ambo kwamba mtoto amenusurika, usimwachie kazi ya kubahatisha. Anza na sentensi iliyo wazi: "He is alive." Mengine yafuate.

Mtego wa tatu ni kukanusha. Kinyume cha "must have" ya kukisia ni "can't have". Kama una hakika kwamba dereva hakuiba, usiandike "he mustn't have stolen it". Andika: "He can't have stolen it", yaani haiwezekani awe ameiba.

Jipime

Jaribu kusema sentensi hizi kwa Kiingereza kabla ya kusoma majibu.

1. Nitakuwa nimeisahau simu nyumbani.
2. Huenda dereva amepotea njia.
3. Nilipaswa kuomba risiti.
4. Ilibidi tulale Tunduma.

Majibu: Ya kwanza ni "I must have left my phone at home." Ya pili, "The driver might have got lost." Ya tatu, "I should have asked for a receipt." Ya nne, "We had to sleep in Tunduma." Kama ya nne umeandika "must have slept", rudi kwenye mtego wa kwanza.

Turudi kwa dada yetu

Dada wa Isongole angeandikaje? Alichokuwa nacho moyoni ni huenda, si hakika. Basi neno lake lilikuwa "might". Lakini liko jambo la pili. Hakuwa na sababu ya kumweka mwenzake ndani ya sentensi. Angeweza kuliweka gunia lenyewe mbele: "One bag might have been left at the border." Huenda gunia moja limeachwa mpakani. Hapo hakuna aliyetuhumiwa, na wote wawili wanaweza kuanza kulitafuta.

Kisha angeongeza majuto yake mwenyewe: "I should have counted them before they left." Nilipaswa kuyahesabu kabla hayajaondoka. Anayeanza kwa kubeba sehemu yake ya kosa humrahisishia mwenzake kubeba ya kwake.

Na kama ujumbe wa kwanza umeshaondoka? Bado hajachelewa. Aandike: "I am sorry. I wanted to say might, not must." Mtu anayeishi mpakani, aliyezoea kuchanganya lugha tatu au nne kwa siku, ataelewa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla ya kutuma ujumbe wa Kiingereza kuhusu jambo lililopita, jiulize kwanza kwa Kiswahili: nina hakika, nakisia, au najuta? Ukishapata jibu, utajua neno la kuliweka mbele ya "have".