Sifuri na Nafasi Tupu
Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Siku chache zikikosekana katika daftari la vipimo, hesabu ya msimu mzima huharibika. Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, hukokotoa wastani upesi, lakini haijui kwa nini nafasi fulani ni tupu. Tuseme siku tatu zilipimwa milimita 12, 0 na 18, na ya nne haikuandikwa. Wastani wa vipimo ni 10. Ukijaza sifuri katika nafasi hiyo (kosa nililowahi kulitenda mwenyewe) utapata 7.5, na mkulima wa alizeti ataelezwa habari za ukame usiokuwapo. Andika nan, yaani si namba. Katika maktaba ya NumPy, amri ya mean itajibu nan. Nanmean itahesabu siku zile tatu pekee.