Usambamba: Umbo Linalodai Ujuzi

Tuseme mwanafunzi wa Kitale anaandika insha ya maelezo kuhusu msimu wa mvua: "Kitale ni baridi asubuhi, mchana kuna jua, halafu mvua ikanyesha jioni." Habari zote ni za kweli, lakini sentensi inayumba. Imeanza na "ni", ikahamia "kuna", ikaishia kwenye masimulizi. Msomaji hulazimika kujipanga upya kila afikapo kwenye mkato.

Sasa tuinyooshe: "Kitale huamka na baridi, hushinda na jua, hulala na mvua." Muundo mmoja umerudiwa mara tatu, na kila mara umebeba habari mpya. Huo ndio usambamba. Methali zetu zimejaa mbinu hii: penye nia pana njia, mali bila daftari hupotea bila habari.

Uzito wake huonekana zaidi katika ulinganishi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takriban mita 1,400. Tuandike: "Juu Kitale, baridi huchelewesha mahindi na mkulima huvuna mara moja kwa mwaka, chini Bungoma, joto huharakisha mahindi na mkulima hupata msimu wa pili." Juu inakabili chini, baridi inakabili joto, huchelewesha inakabili huharakisha. Hakuna haja ya kuongeza kwamba tofauti ni kubwa, umbo limeshasema.

Hatari ni kurudia umbo bila kuongeza habari. "Soko la Chwele ni kubwa, ni pana, ni la kuvutia" ni mlio mtupu. Afadhali: "Akina mama huteremsha vitunguu, vijana husukuma mikokoteni, wanunuzi hubishania bei." Na ukishamzoesha msomaji umbo, livunje pale penye jambo zito: "Mbegu zimefika, mbolea imefika, vibarua wamefika, mvua ndiyo iliyokawia."

Kwa hiyo walimu wasiifundishe mbinu hii kama pambo la kuongezea alama. Mwanafunzi anayetafuta kitenzi cha kukabili "huchelewesha" hana budi kujua kwanza joto hulifanyia nini hindi la Bungoma. Asipojua, upande wa pili wa sentensi utabaki mtupu, na hapo ndipo atakapotambua kwamba anapaswa kwenda shambani kuuliza.