Jicho la Ukutani na Barua ya Onyo



Leo nawaletea habari ya barua ya onyo iliyotoka kwa sababu ya kiyoyozi. Msicheke. Ilikuwa barua ya pili kwa dada huyo, na katika kiwanda chake barua ya tatu maana yake ni kufungasha virago.

Kiwanda chenyewe ni cha nguo, nje kidogo ya Kampala. Kina chumba cha wakaguzi, ambamo akina mama na akina dada 14 huketi mezani chini ya taa kali. Kazi yao ni kugeuza kila shati, kutazama mishono na kukata nyuzi. Chumba hakina dirisha la kufungua, kwa kuwa vumbi huharibu nguo. Hewa yote hutoka kwenye kiyoyozi. Ili kupunguza gharama za umeme, mwajiri alifunga juu ya mlango kihisi kidogo, ambacho wafanyakazi wanakiita jicho. Watu wakiwamo, kiyoyozi kiwake. Watu wakitoka, kizime. Jambo hilo si baya. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kupinga kuokoa umeme.

Taabu ilikuwa saa za mchana. Baada ya chakula kiyoyozi kilizima na watu wote 14 wamo ndani. Jasho likadondokea mashati, na shati lenye doa hukatwa kwenye malipo ya mkaguzi. Basi dada aliyekaa karibu na mlango alikuwa akiinuka kila mara, anazunguka rafu za mashati, anasimama mbele ya jicho na kupunga mikono mpaka mashine iwake. Msimamizi alimkuta hivyo mara tatu, akamwandikia kwamba anacheza kazini. Dada alipojieleza, msimamizi alimjibu: "Mbona mimi kila nikiingia nakuta inafanya kazi?" Na ni kweli, kila alipoingia ilikuwa inafanya kazi. Msema kweli akaonekana mwongo.

Aliniletea barua ile. Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi, wala si fundi. Nikaona nisiende ofisini kupiga kelele juu ya kitu nisichokijua. Nilimtafuta fundi umeme, mwanachama mwenzetu, nikamwomba anieleze jicho lile linafanyaje kazi. Alinieleza hivi.

Jicho halimjui mtu. Linachojua ni joto linalosogea. Kila mwili hutoa joto ambalo sisi hatulioni kwa macho. Mbele ya jicho kuna kifuniko cha plastiki nyeupe chenye vipande vingi vidogo, nacho hukigawa chumba kama shamba lenye matuta. Joto la mtu likihama kutoka tuta moja kwenda jingine, jicho linashtuka na kuiambia mashine kuna mtu, kisha linaanza kuhesabu dakika. Dakika zikiisha bila kuona mwendo mwingine, linasema chumba ni kitupu. Kwa hiyo mtu aliyeketi mbali, anayesogeza vidole tu, kwa jicho hilo ni sawa na kiti. Tena jicho humwona upesi anayekatiza mbele yake kuliko anayelijia moja kwa moja. Halioni kupita ubao, nguo, wala kioo. Na chumba kikipata joto karibu sawa na la mwili, uwezo wake hupungua, maana linatafuta tofauti. Yaani joto linapotuzidi, ndipo nalo linapoanza kutupoteza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikawaambia wale wakaguzi waweke daftari. Kila kiyoyozi kikizima waandike saa, watu wangapi wamo, na wanafanya nini. Kila kikiwaka waandike nani alipita. Waliandika wiki nzima kwa kalamu ya risasi, na daftari likasema wazi. Kila kilipozima, watu wote walikuwa wameketi kazini. Kila kilipowaka, mtu alikuwa amepita mlangoni. Asubuhi hakikuzima, kwa kuwa wachukuzi walikuwa wakiingia na kutoka na mizigo ya mashati. Mchana mizigo imekwisha kuingia, hakuna apitaye. Na msimamizi alipofungua mlango, yeye mwenyewe ndiye aliyekiwasha. Ndiyo maana hakuwahi kukikuta kimezima.

Tulikwenda kwa meneja na daftari mkononi, tukamwomba jambo moja tu: aje aketi. Aliketi katika kiti cha mkaguzi, akapewa mashati ayatazame, huku fundi akiangalia taa ndogo iliyo kwenye jicho, ambayo huwaka kila linapoona mwendo. Taa haikuwaka hata mara moja. Dakika 5 zikatimia, kiyoyozi kikazima na meneja yumo ndani. Hapakuwa na haja ya maneno mengi.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, rafu ndefu zilizoletwa baada ya jicho kufungwa zilikaa katikati ya mlango na meza, zikawaficha watu. Ya pili, jicho liliwekwa lisubiri dakika 5 tu, muda mdogo mno kwa kazi ya kukaa. Fundi alilihamishia darini juu ya meza, akaongeza muda wa kusubiri mpaka dakika 30. Barua ya onyo ikafutwa kwa maandishi, nasi tukachukua nakala.

Ndugu zangu, hata pasipo fundi karibu, wafanyakazi wanaweza kutafuta chanzo. Fuateni utaratibu huu.

Kwanza, hakikisheni kosa ni la jicho. Kama upepo unatoka lakini si baridi hata baada ya watu kupita mbele ya jicho, huenda taabu ni filta iliyoziba vumbi, au mashine yenyewe. Lakini msiharakishe kuhukumu. Kiyoyozi kikishazima, kwa kawaida huachwa kipumzike dakika 3 hadi 5 kabla ya kuanza kutoa baridi tena, ili mashine isiharibike.

Pili, mmoja wenu aketi katika kila kiti na afanye kazi kama kawaida, mwingine atazame taa ya jicho. Kiti ambacho taa haiwaki, hapo jicho halioni. Tazameni kama kuna rafu, pazia, kabati au kioo katikati.

Tatu, angalieni kama kifuniko chake kimejaa vumbi au kimepakwa rangi. Vumbi hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, kwa ruhusa.

Nne, ulizeni limewekwa lisubiri dakika ngapi. Kwa watu wanaoketi muda mrefu, ombeni muda uongezwe, au lifungwe la aina inayochanganya njia mbili, yaani joto na mawimbi ya sauti tusiyoyasikia. Aina hiyo huona hata mwendo mdogo wa mikono.

Tano, jihadharini na kosa la upande wa pili, kiyoyozi kuwaka usiku chumba kikiwa kitupu. Upepo wa mashine ukilipiga jicho, au pazia likipepea, linaweza kudhani kuna mtu. Msikubali kulaumiwa kwa kupoteza umeme kabla hilo halijatazamwa.

Mwisho, msifungue kifuniko cha umeme. Hiyo ni kazi ya fundi. Yeye anaweza kuliruka jicho kwa muda mfupi. Kiyoyozi kikifanya kazi vema, mashine ni nzima na kosa liko kwenye jicho au nyaya zake.

Ninyi wa mashamba ya chai na maua, msiseme haya hayawahusu. Majicho ya namna hii yanafungwa pia kwenye taa za maghala, ofisi na vyoo. Taa ikizima na mtu amebeba mzigo ngazini, anaweza kuvunjika mguu, kisha aambiwe hakuwa mwangalifu.

Wako wasimamizi wanaosema kiyoyozi ni anasa. Mwaka 1902 Willis Carrier wa Marekani alibuni mashine yake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi na rangi. Tangu mwanzo ilikuwa mashine ya kazi. Ikiwa karatasi ilistahili hewa nzuri, anayeishika anastahili zaidi.

Tena jueni haki yenu. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Nanyi wa nchi jirani, waulizeni viongozi wenu wa matawi sheria yenu inasemaje.

Dada yule yuko kazini hadi leo, na haamki tena kupunga mikono. Daftari limebaki juu ya meza pamoja na kalamu yake. Kila tawi na liwe na daftari kama hilo.