Kinyonga wa Maabara

Asubuhi moja ya kiangazi, katika maabara ya shule iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, upepo wa nyanda za kati ukiwa umekwisha kutandaza vumbi jekundu juu ya meza, nilimtazama mwanafunzi wa kidato cha sita akidondosha pamanganeti ya potasi kutoka katika bureti, tone baada ya tone, ndani ya maji yenye chumvi ya chuma; na ilhali rangi ya zambarau ilipaswa kutoweka, chupa ikajaa tope la kahawia, naye akadhani dawa imeharibika. La hasha! Dawa ilikuwa salama. Alichosahau ni tindikali.

Dawa hii, ambayo wengi wetu tumeijua tangu utotoni kwa kusafishia vidonda, ina tabia ya ajabu. Mjerumani Johann Glauber aliandika habari zake mwaka 1659, baada ya kuyeyusha jiwe la manganizi pamoja na potasi na kuyaona maji yake yakigeuka kijani, kisha urujuani, kisha mekundu, na wakemia waliofuata wakaiita kinyonga wa madini.

Siri yake ni hii. Atomu moja ya manganizi imezungukwa na atomu nne za oksijeni, nayo ina uchu mkubwa wa elektroni; lakini haiwezi kushiba maadamu oksijeni zile zingali zimeishikilia, na oksijeni haziondoki mpaka apatikane hamali wa kuzichukua. Hamali huyo ni haidrojeni ya tindikali. Inapokuwapo kwa wingi, ioni zake nane hubeba oksijeni zote nne na kuzifanya maji, na manganizi hupokea elektroni tano, ikabaki karibu haina rangi. Katika maji matupu mahamali ni haba, elektroni zipokelewazo ni tatu, na zao lake ni dioksidi ya manganizi, unga wa kahawia usioyeyuka. Ama katika hidroksidi ya sodiamu iliyo kali, oksijeni husalia zote, elektroni huingia moja tu, na maji huwa kijani kama jani changa la mzabibu.

Wala si kila tindikali ifaayo. Ile ya haidrokloriki hugeuzwa na pamanganeti kuwa klorini, gesi yenye madhara. Ya naitriki nayo hunyang'anya elektroni kwa nafsi yake. Ndiyo maana walimu hushikilia salfuriki isiyo kali, ambayo hufanya uhamali wake bila kujitia katika shauri lisiloihusu.

Kijana yule alikuwa na doa la kahawia kidoleni, na sabuni haikuliondoa. Nilimwambia alisugue kwa kipande cha limau. Likafifia mbele ya macho yake, likaisha, kwa kuwa uchachu wa limau uliipa ile dioksidi mahamali iliyokuwa imewakosa, na vitamini yake ikaipa elektroni.

Basi, enyi mnaofundisha Mpwapwa, Kongwa, Kondoa na kwingineko, msimkemee mwanafunzi kwa hesabu kabla ya kuitazama chupa yake. Pamanganeti iliyoishia kahawia imechukua elektroni tatu badala ya tano. Itatumika nyingi kuliko kiasi, na chuma kitahesabiwa kuwa kingi kuliko kilivyo, hata kama kalamu ya mtoto haikukosea tarakimu moja.