Vyuo kuvutana kwa wanafunzi wa wenzao: somo kwa vyama vya wasafirishaji

Katika biashara nyingi ipo kanuni ya kiungwana kwamba mteja aliyekwisha kutoa arbuni kwa mwenzako haguswi. Nchini Marekani vyuo vikuu viliiandika kanuni hiyo katika maadili ya chama chao, na mwaka 2019 Serikali ya nchi hiyo ikakishitaki chama hicho kwa kuvunja sheria ya ushindani. Shauri hilo lilihusu wanafunzi, lakini hoja yake inawagusa moja kwa moja wenye malori, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa mipakani.

Kanuni ilivyokuwa

Chama kinachohusika ni NACAC, ambacho kilianzishwa mwaka 1937 na kinawaunganisha maofisa wa udahili wa vyuo na washauri wa wanafunzi wa shule za sekondari. Kwa desturi ya Marekani, mwanafunzi aliyekubaliwa na vyuo kadhaa huchagua kimoja ifikapo Mei 1 na kulipa fedha za kushika nafasi, ambazo mara nyingi hazirudishwi.

Maadili ya NACAC yalikataza chuo kumshawishi, au kumwahidi unafuu wowote, mwanafunzi aliyekwisha kujiandikisha au kulipa arbuni katika chuo kingine. Aidha, yalikataza chuo kuwafuata waombaji wake wa mwaka uliotangulia ili wahamie kwake, isipokuwa wao wenyewe wawe wameulizia uhamisho au chuo walichopo kiwe kinaruhusu jambo hilo. Kanuni ya tatu ilizuia kutoa zawadi maalumu, kama vile nafasi bora za malazi, kwa wale wanaokubali mapema kujifunga na chuo kimoja.

Vyuo vilikuwa na sababu zake. Chuo kinahitaji kujua mapema idadi ya vitanda, walimu na madarasa. Wanafunzi wakiendelea kuhamahama hadi siku ya kufungua, chuo kidogo kisicho na akiba ndicho kinachoumia kwanza, sawa na mwenye lori moja anayeachwa na mzigo siku ya kupakia.

Serikali iliona nini

Wizara ya Sheria ya Marekani iliangalia upande wa mlipaji. Karo ya chuo ni mzigo mkubwa kwa familia, na mwanafunzi ambaye angepata punguzo kutoka chuo cha pili baada ya Mei 1 hakulipata, kwa kuwa vyuo vilikuwa vimekubaliana kutomfuata. Kwa mtazamo huo, kanuni ilizuia ushindani wa bei hata kama haikutaja bei popote. Sheria iliyotumika ni ile ya Sherman ya mwaka 1890, ambayo inakataza washindani kukubaliana kuzuia biashara.

Mwezi Septemba 2019, katika mkutano wake mjini Louisville, NACAC ilipiga kura ya kuziondoa kanuni hizo tatu. Wajumbe 211 walikubali na 3 walikataa. Desemba 12 mwaka huo Wizara iliwasilisha shauri mahakamani pamoja na makubaliano ya kulimaliza, na mahakama ikayaidhinisha Aprili 2020.

Kisichobadilika

Uamuzi huo haukufuta mikataba. Mwanafunzi anayehama baada ya kulipa bado anaweza kupoteza arbuni yake. Vilevile chuo hakilazimiki kumfuata mwanafunzi wa mwenzake, na kinaweza kuamua chenyewe kutofanya hivyo. Kilichokatazwa ni washindani kukaa pamoja na kukubaliana kwamba hakuna atakayemfuata.

Tofauti hiyo pia inaeleza utaratibu wa Tanzania, ambako mwanafunzi aliyepata nafasi katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja. Huo ni utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), chombo cha Serikali kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Si mapatano ya vyuo vyenyewe ya kulindiana wateja.

Upande wa wasafirishaji

Afrika Mashariki nayo ina sheria za aina hii. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Kenya ina ya mwaka 2010 na Uganda ilipitisha yake mwaka 2023. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2006 kwa mambo yanayovuka mipaka. Sheria ya Kenya inavitaja waziwazi vyama vya wafanyabiashara, yakiwemo mapendekezo ya bei ambayo chama huwapa wanachama wake.

Kwa hiyo chama cha wenye malori kinaweza kuwafundisha madereva usalama barabarani, kuwasilisha kilio cha foleni za mpakani au kuwapa wanachama habari za nyaraka za forodha. Lakini kikiazimia kwamba mteja wa mwanachama mmoja asihudumiwe na mwingine, kigawe njia za kwenda Malaba na Rusumo kwa wanachama, au kipange nauli moja ya mzigo, kinaingia katika hatari iliyoikuta NACAC. Kuliita azimio hilo maadili au heshima hakulibadilishi mbele ya sheria.

Msafirishaji anayeogopa kuachwa na mteja dakika za mwisho anayo kinga halali, nayo ni mkataba wake mwenyewe. Aandike kiasi cha malipo ya awali, siku ya kupakia na gharama atakayolipwa iwapo mteja atajitoa. Mteja naye, kabla ya kukubali bei nafuu ya lori la pili, apige hesabu ya arbuni atakayoiacha kwa la kwanza.